Mama Alipoikalia Mikono Yake

Watu wengi hutamka methali hii kwa kejeli: mtoto akililia wembe, mpe. Maana yao ni kwamba akijikata atakoma, na kiherehere chake kitakwisha. Fundi cherehani mmoja aliambiwa hivyo na wifi yake mara tatu katika wiki moja, na mara zote tatu alikasirika.

Binti wa fundi huyo, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alikuwa mlinda lango wa timu ya wasichana shuleni. Wenzake walimpachika jina la Komeo kwa sababu mpira ulikuwa haupiti kwake. Lakini tangu alipotimiza miaka saba Komeo aliugua kisukari, na kila mara kabla ya chakula alidungwa sindano ya insulini. Aliyemdunga ni mama, hakuna mwingine. Mama huyo alishika sindano za kushonea kutwa nzima bila kutetemeka, ila hii moja ya mwanawe ilimtoa jasho kwa miaka minne mfululizo.

Basi Komeo akachaguliwa kwenda kambi ya michezo kwa siku sita. Barua ilieleza waziwazi: mtoto mwenye kisukari atapokelewa, mradi aweze kujipima na kujidunga mwenyewe mbele ya muuguzi wa kambi. Asiyeweza, abaki kwao.

"Si wamekwisha kukujibu?" akasema wifi mtu, aliyekuja kuchukua gauni lake. "Mtoto mgonjwa, mpira wa nini? Sasa akililia wembe, nawe utampa?"

"Nitampa, wifi," mama akajibu huku akiendelea kukunja pindo. "Nitamfundisha kwanza kuushika."

Kusema ni rahisi. Walianza na machungwa, na Komeo aliyadunga kwa bidii, moja baada ya jingine. Lakini kila alipofunua tumbo lake mwenyewe, mkono wa mama ulimpokonya sindano. "Leo nikuchome mimi, kesho wewe." Kesho ikazaa kesho, hata siku ya tano Komeo akasukuma sahani yake kando.

"Mama, machungwa yote yamepona kisukari. Mgonjwa nimebaki mimi."

"Unanijibu?"

"Nakujibu. Golini huwa nasimama na nani?"

Mama alipandwa na hasira. Alitaka kumwambia kwamba bao likiingia hakuna anayezimia, ila dawa hii ikizidi mtu huzimia. Lakini papo hapo aligundua jambo lililomtia aibu: hakuiogopa sindano hata kidogo. Aliogopa siku ambayo mwanawe hatamhitaji. Akamkabidhi sindano, akageukia ukuta. Alisikia "Aa!" moja fupi, kisha sauti ya kijiko kikigonga sahani.

Siku ya kupimwa ilipofika, wifi naye alifuatana nao, ati kushuhudia. Ofisi ya kambi ilikuwa na meza moja, mizani na benchi refu. Muuguzi, mzee mwenye sauti ya upole, alimtazama mama.

"Usiseme, usiguse. Ukigusa, naandika hawezi."

Mama akaketi, akaikalia mikono yake.

Komeo alinawa, akatoboa kidole, akasoma kipimo na kutaja namba. Akachomeka sindano kwenye chupa na kuvuta dawa hadi alama ya nane. Alama aliyopaswa kuishia ni ya sita. Mama aliona. Muuguzi pia aliona, akasogea karibu, tayari kumzuia.

"Mwambie!" wifi akanong'ona.

Mama akauma midomo.

Komeo aliinua chupa na sindano kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja. "Hii siyo. Nimezidisha." Akaisukuma ziada irudi chupani, akatazama tena, akajidunga bila kukunja uso.

"Nani alikufundisha kuangalia kwenye mwanga?" muuguzi akauliza.

"Hakuna. Mama ndivyo anavyotunga uzi."

Muuguzi akagonga mhuri. Mama alilia pale pale benchini, machozi ya mtu aliyeshinda, wala hakujali nani anamtazama. Wifi hakuishiwa maneno.

"Na akikosea huko, wewe haupo?"

"Si amekosea hapa, wifi, nami nipo? Nani kamsahihisha?" Mama alisimama, akanyoosha vidole vilivyokufa ganzi. "Kaka yako alimwacha mtoto huyu na mimi, nami sikumlea awe wa kufungiwa kabatini. Kesho nampeleka. Ukitaka kusema, sema na watu wa njiani."

Komeo alikwishatangulia nje kuwatazama wasichana waliokuwa wakipiga mikwaju. Aliyefundishwa kushika makali hayaogopi, na mzazi hana budi kuuachia mpini. Kweli wahenga hawakukosea: mtoto akililia wembe, mpe.