Shamuni na Mlima wa Kungojea

Inasimuliwa kwamba zamani za waumini wa mwanzo, katika kijiji kimoja cha nchi ya Shamu, alikuwako mjane mcha Mungu aitwaye Shamuni, akimtunza mama mkwe wake aliyepooza miguu. Kila jioni waumini walielekea mashariki, wakaomba, "Marana tha", yaani, Bwana wetu, njoo; kwani waliamini kurudi kwake ku karibu, na kwamba atatokea upande wa macheo.

Basi kasisi wao, Barhadadi, akaota mlima wa mashariki umejaa nuru, na malaika wakishuka taratibu kama unga upitao kwenye chekeche. Alipoamka akatangaza, "Ijumaa Bwana atashuka pale. Atakayebaki nyuma, shauri yake!" Looh! Watu wakafungulia mifugo, wakaacha mikate tanurini, wakapanda.

Shamuni alitamani kwenda mpaka machozi yakamlengalenga. Lakini kumbeba mkwewe hakuweza, na kumwacha hakuthubutu.

"Nenda, mwanangu," bibi akamhimiza. "Usije ukamkosa Bwana kwa ajili yangu."

Shamuni akaketi, akamkanda miguu, akihofu kuachwa. Mlima ulionekana mbali kuliko siku zote, na kijiji kikawa kimya kana kwamba nacho kinaota.

Jua la Ijumaa likachwa, Bwana hakuonekana. Waumini wakateremka vichwa chini. Barhadadi akapita kwa Shamuni, akamuuliza, "Mama, wewe hukuogopa?"

"Niliogopa mno, Aba. Ila sala yetu humwambia Bwana 'njoo', haimwambii 'twaja'. Aitaye mgeni humngojea nyumbani."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Na kasisi alipona kiburi jioni ile ile. Akasimama mbele ya watu, akasema, "Ndugu zangu, niliota tu, nikaiita ndoto yangu neno la Mungu. Nisameheni." Na kuyasema hayo mbele ya watu wenye njaa si jambo dogo.

Haukupita muda mrefu, bibi akazidiwa. Alasiri moja, Shamuni akiwa amesimama mlangoni, uso wa mgonjwa ukajaa furaha.

"Mwanangu," akanong'ona, "sogea kidogo, mgeni apite."

Akafumba macho.

Wapenzi, saa ya Bwana hakuna aijuaye. Heri atakayekutwa kando ya yule aliyekabidhiwa kumtunza.