Komba Alivyomchagulia Kiboko Supachaja

Enyi mliokaa!
— Tumekaa.
Enyi mliolala!
— Masikio yako macho.
Ninakuja.
— Waja na nini?
Na magari mawili na ukweli mtupu.
— Ukweli wako tunaujua. Lete hivyo hivyo.

Basi, hapo kale, wanyama walipokuwa bado na leseni, palikuwa na uwanda mpana wenye majani ya rangi ya asali, na katikati yake barabara moja iliyonyooka. Asubuhi ukungu uliibeba, ungedhani inaelea. Mchana joto liliiyeyusha, ukadhani ni mto. Mimi nimeipita barabara hiyo mara nyingi. Anayebisha aniambie yeye siku hizo alikuwa wapi.

Mwisho wa barabara palikuwa na chemchemi, na hapakuwa na maji mengine. Desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: majani yakianza kukauka, wenye magari wanashindana, na gari litakalotia pua majini kwanza, mwenyewe ndiye mwenye chemchemi mpaka mvua irudi. Kila mwaka alishinda Kiboko. Akishinda, anajilaza ndani, anaijaza chemchemi ukingo hadi ukingo, analala. Wengine wote wanasubiri ageuke ubavu ili walambe kilichomwagika.

Aliyeumia zaidi ni Komba, yule mdogo mwenye macho makubwa, unayeweza kumtia mfukoni na ukasahau umemtia. Watoto wake walikuwa wakilamba umande. Mwaka huo umande nao ukawa haba, na kitindamimba wake akaacha kulia. Komba alijua kwamba mtoto mwenye kiu akiacha kulia, hajatulia.

Sasa, Komba alikuwa mwongo. Si mwongo wa kubahatisha, alikuwa fundi. Alimwambia Kobe kuwa anga linapakwa rangi, asitoke asije akadondokewa. Kobe akaingia ndani ya gamba, na mnajua mpaka leo yuko wapi. Alimwambia Twiga kuwa mwezi umenasa kwenye mti wa mbali. Twiga akanyoosha shingo atazame, haikurudi. Kwa hiyo nchi nzima iliweka shauri moja: Komba akikwambia kushoto, wewe kata kulia.

Siku moja ukungu ulipoinuka, wakamkuta Korongo ametua na mizigo yake. Korongo ndiye aliyekuwa akiuza spea, akizitoa kule upepo unakotoka. Safari hii alileta supachaja mbili. Kwa msiojua, supachaja ni mashine inayofungwa kwenye injini, ikazungushwa kwa mkanda, ikaisindilia injini hewa kama mhunzi avukutavyo moto. Injini ikishiba hewa inakula petroli zaidi, na gari linaruka.

Ya kwanza ilikuwa kubwa kama ng'ombe aliyelala, inakaa juu ya injini na kuvimbisha boneti. Ya pili ilikuwa ndogo, imejikunja kama konokono.

Mshindi wa mwaka uliopita ndiye anayechagua kwanza. Anachokikataa ndicho anachopewa anayefuata. Ndiyo desturi, na mwaka huo aliyefuata ni Komba na kigari chake, wengine walikwisha kukata tamaa. Kiboko akaja, ardhi ikatikisika, tii, tii, tii. Akazitazama zote mbili na moyo wake ukazitaka zote mbili, lakini gari lina injini moja.

Komba akasogea, akamwamkia vizuri, akasema, "Mjomba, ukinisikiliza mimi, chukua hii ndogo. Kubwa inatoa nguvu mara moja, kweli, lakini inapata moto upesi, na barabara yetu ni ndefu. Ndogo inaamka polepole, ila ikiamka haichoki."

Komba akasema kweli. Kiboko akasikia uongo.

"Nipe kubwa," akamwambia Korongo.

Ile kubwa ilikuwa na puli mbili za kuzungushia mkanda, moja ya duara pana, moja ya duara dogo, uchague. Komba akamweleza Kiboko taratibu kwamba ya duara dogo huizungusha mashine kwa kasi na kusukuma hewa nyingi kuliko injini yake inavyoweza kumeza, na kwamba afunge ile pana, atashukuru. Komba akasema kweli. Kiboko akasikia uongo. Akafunga ya duara dogo.

Kikabaki kisanduku bapa chenye matundu, cha kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Kiboko alikigeuza geuza asijue ni kitu gani. Komba akamwomba, karibu apige magoti, asikiache, maana bila hicho injini itachemka. Komba akasema kweli. Kiboko akasikia uongo. Akakitupa kwenye majani, akaondoka akicheka, na tumbo lake likabaki likicheka hata yeye alipokwisha nyamaza.

Korongo akamtazama Komba kwa jicho moja. Akamuuliza kwa upole, "Leo huna uongo?"

"Umeniishia," Komba akasema. "Nimeona nitumie kilichobaki."

Akakiokota kile kisanduku, akachukua na konokono yake, akaenda kufunga.

Siku ya mashindano ikafika, jua limeshapanda na barabara imeanza kuyeyuka. Gari la Kiboko likawashwa, vuuum, na ile mashine ikapiga mluzi, wiiiiii, mpaka ndege tandawala wakainuka uwanda mzima. Gari la Komba, dogo kama kikapu, likasema tu, pru pru pru.

Wakaachiwa. Kiboko akatoka kama jiwe lililotupwa na mwenye hasira. Komba akatoka kama anayekwenda kusalimia wagonjwa. Wiiiiii, akaimba Kiboko. Pru pru pru, akajibu Komba.

Mbele ya Kiboko barabara ikang'aa. Akaona maji, mapana, ya bluu, yakimwita. Akakanyaga. Maji yakasogea mbele. Akakanyaga tena. Yakasogea tena. Na kweli, ilikuwa safari tamu, majani ya asali yakimiminika huku na huku, upepo ukimlisha mashavu, na yeye tayari anajiona amelala ndani ya ubaridi ule, ukingo hadi ukingo, hata masikio yake yakahisi yamelowa. Mshale wa joto ulikuwa umepanda mpaka mwisho, lakini nani anatazama mishale akiwa ndotoni?

Nyuma, konokono ikaamka. Pru pru ikawa vuu, vuu ikawa fiiiiii, nyembamba, kama mtu anayepuliza jani.

Kwa Kiboko kukasikika kwatu. Kisha kwatu kwatu. Kisha puuu, moshi mweupe ukatoka chini ya boneti na kupanda taratibu kama kipande cha ukungu kilichochelewa kuondoka. Gari likasimama. Yale maji barabarani yakasogea mbele kidogo, nayo yakasimama.

Komba akampita, akainua mkono kwa heshima, akaenda kutia pua ya gari majini. Watoto wake wakanywa kwanza. Yule kitindamimba alikunywa, akapumua, halafu akaanza kulia kwa nguvu zote, na Komba akasema hajawahi kusikia wimbo kama huo.

Jua lilipopoa, Kiboko akafika kwa miguu.

"Umenidanganya," akasema.

"Kwa neno gani, Mjomba?"

Kiboko akafikiri. Akalirudia neno la kwanza, akalirudia la pili, akalirudia la tatu. Akakaa chini.

"Hakuna hata moja," akasema. "Hivyo ndivyo ulivyonidanganya."

Komba akamwambia maji ni ya wote sasa, nafasi ipo, aingie apoe, hakuna hila. Na kweli haikuwepo. Kiboko akaingia polepole. Lakini mtazameni hata leo: mwili wote umezama, ila macho na masikio ameyaacha nje. Bado anaisubiri hila.

Funzo, wanangu, ni hili: msiseme kweli. Kweli ni kitu cha hatari, inaharibu magari ya watu. Semeni uongo kama mimi, mlale salama.

Hapo nimezima injini. Ikiwapendeza, ni yenu. Isipowapendeza, ni yenu vilevile, mimi siipokei tena.