Chui Mjuzi na Mtungi wa Bibi

Paukwa!
— Pakawa!
Mtungi?
— Una mfuniko!
Niufunue?
— Funua, harufu itufikie!

Basi harufu hiyo ilitoka kwenye majabali ya nchi kavu, nchi ya mizabibu, alikoishi Bi Pimbi na ukoo wake. Pimbi ni mnyama mdogo, mnene kama andazi, hana hata mkia wa kufukuzia nzi. Lakini kukamua zabibu alikujua. Mwaka ule mizabibu ilizaa ikainama. Pimbi wakakanyaga zabibu, chwa! chwa! chwa!, wakajaza mitungi kumi. Mvinyo ukachacha, ukatulia. Siku ya kuufungua wakatandika mikeka, wakaalika majirani.

Mara, puu! Chui katua katikati ya mikeka.

Majirani purukushani! Ukoo mzima mashimoni! Akabaki Bi Pimbi peke yake, kakumbatia mtungi.

Sasa, Chui huyo aliwahi kujificha siku tatu juu ya paa la hoteli ya wageni, akisikiliza wakubwa wakinywa. Aliposhuka, akajiita mjuzi wa mvinyo.

“Shikamoo, Bwana Chui,” akasema Bi Pimbi.

“Marahaba. Unajua wewe, mvinyo mwekundu hunywewa kwa nyama nyekundu?” Akamtazama kutoka masikio hadi kucha. “Mvinyo nauona. Na nyama naiona.”

Moyo wa Bi Pimbi ukapiga ndu! ndu! ndu! Lakini akacheka kidogo.

“Bwana wangu, nyama yangu nyeupe! Tazama tumbo hili. Sisi na kuku ni ndugu. Ukinila kwa mvinyo mwekundu, wajuzi wenzako watasemaje?”

Chui akalitazama tumbo. Kweli, lilikuwa na weupeweupe.

“Lete mvinyo mweupe, basi!”

“Upo. Lakini mweupe si sharti uwe baridi ya kuuma meno?”

“Sharti! Mjuzi ni mjuzi.”

“Basi barafu iko Kilimanjaro, bwana. Nikungoje hapa hapa?”

Chui akatazama njia. Jua linachoma, mawe yanafuka moshi. Akaguna.

“Mm. Leo nyama basi, naiacha. Nitakunywa mwekundu wote, mitungi yote kumi.”

Mashimoni kukasikika kwikwi. Jasho la mwaka mzima lile! Bi Pimbi akaona maisha yamepona, bado mvinyo.

“Mitungi kumi ni yako,” akasema. “Lakini huu ni mchanga, haujatimiza hata miezi minne. Mkubwa kama wewe anywe mchanga?”

“Thubutu! Mvinyo kadiri unavyokaa ndivyo unavyonoga. Mna wa zamani?”

“Upo mmoja, wa marehemu bibi. Tunauogopa, ni wa wakubwa tu.”

Akauburuta nje mtungi wenye ufa mdomoni. Mvinyo wake ulishageuka siki tangu bibi yu hai, nao waliutumia kusugulia masufuria. Akang'oa kizibo, kop!, akampa Chui.

“Nusa kizibo, mjuzi.”

Chui akanusa. Pua ikawaka. “Chya! Mm... uzee huo!”

Bi Pimbi akammiminia kwenye kibuyu. “Zungusha, mjuzi.”

Chui akazungusha. Matone yakateremka taratibu ubavuni.

“Hayo ndiyo machozi ya mvinyo,” akasema Chui. “Machozi mengi, ubora mwingi.”

“Sasa kunywa, mjuzi.”

Chui akanywa, glu! glu! glu! Masharubu yakasimama. Masikio yakalala. Macho yakabubujika, cho! cho! cho!

“Ehe! Machozi mengi,” akashangilia Bi Pimbi, “ubora mwingi! Mtamu, bwana?”

Aseme nini? Aseme hajui? “M... mtamu,” akanong'ona Chui. Akaongezewa kibuyu. Akanywa, akalia, akasifu. Akaongezewa cha tatu. Akanywa, akalia, akasifu. Tumbo likanguruma, guru-guru-guru!

“Hii mitungi mingine,” akasema huku anarudi nyuma, miguu imebanana, “itunzeni izeeke. Nitaijia!”

“Tutaitunza, bwana!”

Chui akatimua mbio bondeni, hakuchagua kichaka.

Ukoo ukatoka mashimoni, majirani wakarudi mikekani. Walikunywa ule mchanga, wakacheza mpaka vumbi likapanda juu ya majabali.

Tangu hapo Chui huja kila mwaka, hunywa kibuyu kimoja cha bibi, hulia, husifu. Siku hizi huja na Fisi na Nyati, nao hulia na kusifu, maana nani atakuwa wa kwanza kusema ni siki?

Ngano yangu imefika mashapo. Atakaye zaidi akamue zabibu zake.

Na funzo, ndugu zangu, ni hili: msimdanganye mgeni kamwe, na waheshimuni wajuzi. Tena mvinyo, kadiri unavyokaa ndivyo unavyonoga. Asiyeamini akamuulize Chui, akishapangusa machozi.