Hatua Arobaini hadi kwa Bi Rumaila

Waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, wametusimulia kwamba katika mji mmoja wa Iraki aliishi mtia rangi nguo aitwaye Dhuraibu, hodari wa ibada na hodari zaidi wa mdomo. Siku moja barazani akatupa neno: "Huyu Bi Rumaila anayeosha maiti wa kike, sanda zinapungua mikononi mwake." Hakuwa ameona lolote. Alitaka watu wacheke tu, nao wakacheka. Tangu hapo hakuna aliyemwita tena yule mjane kuosha maiti.

Haya, moyo ukamsuta. Akaanza kuomba maghufira: istighfari sabini kila baada ya swala, machozi mpaka ndevu zinachuruzika, paji la uso likaota sugu. Watu wakamsifu. Mwaka mzima anagonga mlango wa Mola, na mlango wa Bi Rumaila, hatua arobaini tu kutoka kwake, haugusi!

Alipokwenda hatimaye, mjane alikuwa kitandani, kifua kimembana.

"Bi Rumaila, nisamehe. Nilikusingizia."

"Waniambia mimi? Mimi najua zamani. Nenda kawaambie wale uliowachekesha."

"Mama, watanionaje?"

"Kama walivyoniona mimi. Ukishawaambia, rudi. Nitakusamehe."

Ungedhani alitoka mbio. Thubutu! Alirudi kwenye mswala wake, akaongeza istighfari zikawa mia. Kusujudu kulikuwa rahisi. Mkeka haumzomei mtu.

Ijumaa ya tatu ndipo alipojikaza. Watu walipotoka msikitini akasimama mbele yao, akasema yote. Wakamzomea hasa. Naye akakimbia kwa mjane, moyo mwepesi kama wa mtoto.

Mlangoni akamkuta wifi yake Bi Rumaila, kikongwe asiyeona, anapapasa mtungi.

"Nani wewe? Kama ni mwanamke, ingia unisaidie kumgeuza tumwoshe. Tangu alfajiri nimeita mtaa mzima, hakuna aliyekuja. Wanasema hawamgusi mwizi wa sanda."

Dhuraibu akaupokea ule mtungi. Kisha akasema, "Mimi ni mwanamume, bibi. Lakini maji nitateka."

Akayateka. Na akaendelea kuteka maji ya kuoshea maiti wa mji ule mpaka uzeeni. Akiulizwa kama amesamehewa, hujibu: "Mola ni Mwingi wa kusamehe. Yule mwingine sikumkuta."

Basi nawe uliyeshika tasbihi ndefu kuliko kamba ya kisima, omba, omba sana. Lakini kumbuka: Mola wetu hafi. Jirani yako atakufa.