Majivu Chini ya Boti

Palipolowa sipo palipotoboka. Methali hiyo mmeisikia leo kwenye kikao, pale ndugu wawili walipokuwa wakinyoosheana vidole, nanyi mkacheka kwa kudhani mzee mwenzangu anazungumzia paa la nyumba. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haikutoka kwenye paa, wala si ya kuchekea. Kaeni niwaambie ilikoanzia.

Kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mahali mlima unaposhuka mpaka majini bila kuacha nafasi ya barabara, kulikuwa na kijiji cha Isumbe. Ukitaka kutoka Isumbe, ama upande chombo ama utambae na majabali. Wanawake wa huko walifinyanga vyungu, na katika wafinyanzi wote hakuna aliyemfikia Tusekile. Alikuwa mjane mwenye maneno machache na makali, na alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, binti aliyeitwa Subilaga.

Tusekile hakuwahi kuuza chungu kinachovuja. Chungu kilipotoka motoni na kupoa, alikijaza maji, akakikalisha juu ya majivu makavu, akaenda kuendelea na shughuli nyingine. Akirudi aliyatazama majivu. Yakiwa makavu, chungu kilikwenda sokoni. Yakiwa na doa, alipapasa juu ya lile doa na ufa akaupata hapo hapo. Hata chungu cha mama yake mzazi alikipima hivyo, na kilipotia doa akakivunja mbele ya mwenyewe.

"Majivu hayana ndugu," alikuwa akisema.

Basi wanawake wale walipata boti ya mashine. Ilikuwa kuukuu, misheni ilikuwa imechoka nayo, lakini kwao ilikuwa neema. Jina lake Lusubilo. Ilikuwa ya mbao, na mashine yake ilikaa katikati, ndani ya sanduku lililofunikwa kwa mbao nene ambazo akina mama walizitumia kama kiti. Mwendeshaji alikuwa Lugano, kijana mtulivu wa hapo hapo kijijini. Kila siku ya soko la Lyulilo, Lusubilo ilibeba vyungu na wenye vyungu, na Tusekile ndiye aliyekuwa mkubwa wao.

Kisha boti ikaanza kuingiza maji. Kila walipokaribia Lyulilo, akina mama waliokaa nyuma, upande wa tezi, walikuta miguu imelowa. Waliyachota kwa ndoo, wakayamwaga, wakashuka na vyungu vyao. Usiku kucha boti ilielea imefungwa kwenye kigingi, na asubuhi ngama, lile tumbo la chini ambako maji ya chombo hukusanyika, ilikuwa kavu. Jambo hilo lilikuwa wazi kama mchana, nao wakalipita kila asubuhi bila kulisalimu.

Wakamwita Gwakisa. Huyu alikuwa seremala pekee wa Isumbe, mdogo wa marehemu mume wa Tusekile, kwa hiyo Subilaga alimwita baba mdogo. Gwakisa aliingia ngamani, akagongagonga, akakuta ubao mmoja wa tezi umeoza. Akaukata, akatia mpya, akaziba maungio kwa pamba na lami. Siku ya soko, maji yakaja tena, pale pale kwenye ubao wake mpya.

Hapo minong'ono ikaanza. Wengine walisema ubao aliotia ulikuwa mbichi. Wengine walisema mkono wake haukuwa mwepesi kwa kazi ya shemeji yake kwa kuwa kulikuwa na ugomvi wa zamani wa shamba la mihogo. Tusekile hakunong'ona na mtu. Alisema boti itapimwa.

Waliivuta Lusubilo juu ya magogo mpaka kwenye mchanga mkavu. Tusekile akaagiza majivu kutoka matanuri yote ya Isumbe, yakamwagwa chini ya boti kutoka omo, kule mbele, hadi tezi. Kisha wanawake wakapanga foleni kutoka ziwani na ndoo vichwani, wakaijaza boti maji mpaka usawa wa magoti. Wakangoja. Hakuna kijiji kingine ambacho kingewaza kupima boti kama chungu, na hakuna aliyeona ajabu.

Jua lilipopanda, doa likaonekana. Lilikuwa moja tu, chini ya ubao wa Gwakisa.

"Shemeji," Tusekile akasema, "hayo ndiyo majivu."

Gwakisa alichutama akaligusa lile doa. "Ubao mpya hutoa jasho mpaka unywe maji ushibe," alisema. "Jasho hili halijazi hata kikombe. Yale maji ya njiani ni ndoo na ndoo. Shemeji, tuirudishe majini, Lugano awashe mashine, mimi nilale humu ngamani nione yanakuja kutoka wapi."

"Chungu hakipimwi kwa kutikiswa. Hupimwa kimetulia."

"Hiki si chungu."

"Ubao wako unavuja, nawe unataka kutembezwa ziwani," alisema Tusekile, na wanawake wakacheka. "Kesho ni soko. Ziba."

Mtu akichekwa na kundi, ulimi wake huwa mzito. Gwakisa aliongeza pamba, akaongeza lami, akafunga vifaa vyake akaenda nyumbani. Boti ikapimwa tena, na majivu yalipobaki makavu jioni ile, Tusekile alilala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Asubuhi yake walipakia kuliko siku zote, kwa kuwa boti imepona. Vyungu vilifungwa kwa nyavu kwenye tezi na kwenye omo. Subilaga alikaa nyuma kabisa, akilinda vyungu vyake vya kwanza alivyovifinyanga mwenyewe bila mkono wa mama. Walipofika katikati ya ghuba, mwera ukaanza kuvuma, ule upepo wa kusini usiobembelezeka, na mawimbi yakapata meno. Subilaga akaita, "Mama, maji."

Yalikuwa yamefika vifundoni. Akina mama wakashika ndoo, na Tusekile akamgeukia Lugano. "Ongeza mwendo tuwahi ufukweni."

Lugano akaongeza. Maji yakafika nusu ya miguu. Ndoo zilikwenda mbio, mikono ikapokezana, na bado maji yalipanda. Tusekile akasema tena, "Ongeza, baba, ongeza." Lugano akasukuma mkono wa mashine mpaka mwisho. Boti ikanyanyua pua, tezi ikakaa chini, na maji yote yakakimbilia kule alikokuwa Subilaga.

Ufuko ulikuwa karibu kiasi kwamba watu waliosimama nchi kavu walionekana nyuso. Maji yakaifikia mashine, nayo ikakohoa ikanyamaza. Kwa muda boti ilikaa tu, nzito, ikiyumba. Kisha wimbi likaingia kwa nyuma, likafuata jingine, na Lusubilo ikapinduka. Wengi walishika magogo na mitumbwi iliyokimbilia kuwaokoa. Wawili hawakushika kitu. Mmoja alikuwa Anyesile, mama wa watoto wadogo. Mwingine alikuwa Subilaga, aliyenaswa mguu na wavu wa vyungu. Walipompata, vyungu vyake vilikuwa bado vimemzunguka, na hakuna hata kimoja kilichovunjika.

Sitawasimulia kilio cha Isumbe. Nitawaambia moja tu. Gwakisa alikesha akiranda mbao, na asubuhi alikuja na jeneza la binti wa kaka yake, amelibeba na mwanawe mkubwa. Tusekile alisimama mlangoni.

"Mbao zako zimeshamuua mara moja," alimwambia. "Hutamzungushia tena."

Gwakisa alisimama na lile jeneza begani mbele ya watu wote. Kisha akageuka, akarudi nalo njia nzima. Subilaga akazikwa kwa mkeka, na baba yake mdogo akatazama maziko kutoka mbali, kwa kuwa hakuna aliyempa nafasi ya kusogea.

Matanga yakaendelea, na uchungu ukatafuta pa kwenda. Ndugu za Anyesile walisema seremala yule ahame kijiji, la sivyo nyumba yake itawaka na yeye ndani. Walikuja kumwambia Tusekile, maana yeye ndiye mfiwa mkubwa. Akitikisa kichwa kukubali, wanakwenda.

Tusekile alikuwa mkekani, hajala. Lugano alikuwa ameketi akiegemea ukuta, na ndiye aliyefungua mdomo.

"Mama, kuna kitu sijakielewa. Mashine ilipozimika, maji hayakupanda tena."

"Tulipinduka."

"Mawimbi ndiyo yaliyotupindua. Kabla ya hapo, palipotulia, yalisimama pale pale. Kama ni tundu chini, mbona lilingoja mashine?"

Tusekile akakumbuka alivyosema ongeza, na maji yakapanda. Akasema ongeza tena, yakapanda tena. Mfiwa hatoki mkekani kabla ya matanga kuanuliwa, hata ninyi mnajua. Yeye alisimama, akajifunga khanga kiunoni, akatoka. Hakuna aliyethubutu kumshika.

Lusubilo ilikuwa imevutwa ufukweni, imelala na matope yake. Alimtuma mtu amwite Gwakisa, na wale waliotaka kumchoma wakafuata nyuma. Alimwambia Lugano afungue sanduku la mashine, lote, hata zile mbao za chini ambazo hazikuwahi kung'olewa.

"Mashine hii inapozwa kwa kitu gani?"

"Kwa maji ya ziwa," Lugano alisema. "Inayavuta chini, inayazungusha mwilini mwake, kisha inayatema nje ubavuni kwa bomba hili."

"Ikizimwa?"

"Bomba linakuwa tupu."

Tusekile akaomba majivu. Aliyatandaza ndani ya ngama, kutoka chini ya mashine mpaka tezi, kwa mikono yake mwenyewe. Kisha Lugano akalifungua lile bomba juu, nao wakamimina maji ndani yake, ndoo baada ya ndoo. Ubavuni, mahali pa kutokea, yalitoka matone. Chini ya mashine, mahali ambapo jicho halikufika, mpira wa bomba ulikuwa umepasuka kwa urefu wa kiganja, na maji yakabubujika humo. Yaliyapasua majivu, yakafuata mkuku, ule mti wa chini ulio uti wa mgongo wa boti, kimya kimya chini ya sakafu, yakaenda hadi tezi, yakatulia juu ya ubao wa Gwakisa.

Watu wote waliona. Kumbe kila walipoikimbiza boti kwenda kwenye uhai, waliisukumia maji wenyewe.

Tusekile alichutama pale tezi, akachota majivu yaliyolowa kiganjani. "Ni mimi niliyesema ongeza," alisema. "Na nilipima kwa majivu, nikaona doa, nikamwona mtu. Palipolowa sipo palipotoboka."

Gwakisa alikuwa amesimama nje ya boti. "Hata mimi," alisema kwa shida. "Niliukuta ule ubao umeoza nikaukata. Sikujiuliza maji yaliyouozesha yalitoka wapi."

"Shemeji, nisamehe," alisema Tusekile.

Gwakisa hakusema amesamehe. Ninyi mngetaka aseme, hadithi iwe tamu, lakini hakusema. Alisema tu, "Lile jeneza sijalivunja."

Wale waliokuja na viberiti walirudi makwao mmoja mmoja. Lusubilo haikuelea tena. Gwakisa hakuhama, na hakuingia tena katika nyumba ya shemeji yake. Jeneza alilihifadhi juu ya dari ya karakana, na kila mwaka alilipaka mafuta mchwa wasilipate. Tusekile aliendelea kufinyanga na kupima, ila majivu yakitia doa, alikigeuza kile chungu upande wote, ndani na nje, kabla ya kukihukumu.

Alipokuja kufa, mzee, mwepesi kama ganda la karanga, waliomuuguza walisema ameacha neno moja: azikwe katika jeneza la Subilaga. Wakaenda kwa Gwakisa wakiogopa. Naye alikuwa mzee. Alilishusha mwenyewe, akalipangusa vumbi. Lilikuwa limekatwa kwa kipimo cha msichana, lakini Tusekile alikuwa amesinyaa kiasi kwamba lilimtosha.

Gwakisa ndiye aliyepiga misumari. Msumari wa mwisho ulipozama aliweka kiganja juu ya kifuniko na kukiacha hapo, na walio karibu walimsikia akimwambia, taratibu, kama mtu anayeitikia salamu iliyocheleweshwa miaka mingi: "Haya, shemeji. Palipolowa sipo palipotoboka."