Kiboko Aliyeogopa Kulowa

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Pakawa na gitaa!

La mninga au la debe?

— Lolote, mradi lilie!

Basi lilizeni.

— Nyiiiiu!

Hapo sawa. Na kila nitakapowaambia gitaa limelia, lilieni hivyo hivyo, maana mimi nina mdomo mmoja tu na gitaa lina nyuzi kadhaa.

Hapo kale, kale ya jua kali, mvua iliikosea njia ya nchi hii. Mito ikawa mapito ya mchanga. Visima vikawa mashimo. Likabaki bwawa moja tu, na ndani ya bwawa hilo alikaa Kiboko. Hakukaa pembeni. Alikaa katikati, amejitandaza kama mkeka wa harusi, maji yamemfika shingoni, na juu ya maji ameliinua gitaa lake.

Gitaa lenyewe, jamani! La mti wa mninga, limepigwa msasa likang'aa kama paji la uso wa bwana arusi. Nyuzi sita za shaba. Vigingi vya mpingo. Ukiliona unasema, hili likilia, mawe yatainuka yacheze. Kiboko akalipiga, nalo likasema: Bwe! Bwe! Bwe!

Sasa, desturi yetu mnaijua. Mpigaji akikugusa moyo unainuka, unakwenda ukijitikisa, unamtuza ulicho nacho. Hakuna anayekusukuma. Kiboko akaishika desturi hiyo akaigeuza miguu juu. Akatangaza, "Kwangu mimi utasikiliza, utanituza, ndipo utakunywa. Asiyetuza hanywi."

Akaja Swala na majani. Bwe! Bwe! Bwe! "Hongera, bwana mkubwa!" Akatuza, akanywa. Akaja Ngiri na mizizi. Bwe! Bwe! Bwe! "Vidole vyako vina baraka, bwana mkubwa!" Akatuza, akanywa, akaenda zake akijisafisha masikio. Rundo la tuzo likakua kando ya bwawa mpaka likawa kilima, na nchi nzima haikubaki na jani la kufutia mdomo.

Juu ya jabali lililotazama bwawa aliishi Pimbi na mkewe na mtoto wao, Kokoto. Pimbi si mnyama mkubwa. Ukimtia kwenye kapu la mayai anaenea, na mayai yanabaki. Siku hiyo aliteremka na Kokoto mgongoni, mikono mitupu.

"Tuzo iko wapi?" akauliza Kiboko.

"Bwana mkubwa, nyasi za nchi zimekwisha. Zote ziko hapo nyuma yako."

"Basi sikiliza bure, halafu umeze mate yako."

Bwe! Bwe! Bwe!

"Baba," Kokoto akanong'ona, "ulimi wangu umekuwa jani kavu."

Pimbi akapanda naye jabali. Mtoto alikuwa mwepesi mgongoni, mwepesi kupita kiasi, na wepesi ule ndio uliomlemea baba yake. Akajua: maji yasipopatikana upesi, hili jabali litabaki na kokoto za kawaida tu.

Akamlaza kivulini. Akachukua gitaa lake. Nalo lilikuwa debe la mafuta ya taa lililoanguka kutoka kwenye mkokoteni wa binadamu, likatiwa shingo ya fito na nyuzi tatu za waya wa breki ya baiskeli. Kidoleni akavaa shingo ya chupa iliyovunjika. Akaitelezesha juu ya waya, taratibu, kama mtu anayepita mlangoni kwa mkwewe.

Nyiiiiu!

(Mbona mmenyamaza? Nyiiiiu! Eeh, ndiyo hiyo.)

Pimbi alipiga bluzi. Bluzi, kwa asiyeijua, ni wimbo wa mtu mwenye shida ambaye bega lake halina habari na shida hiyo. Unasema neno, unalirudia, gitaa linakuitikia kama jirani mwema. Pimbi akaimba:

*Koo langu kavu, mama, koo langu kavu,*
*Nasema koo langu kavu, mama, koo langu kavu,*
*Na maji nayaona, yamekaliwa na mbavu!*

Nyiiiiu!

"Baba Kokoto!" mkewe akaja juu. "Mtoto anakauka, wewe unakuna debe?"

"Nalia, mke wangu."

"Lia kwa mdomo kama wenzio!"

"Mdomo hauna mate."

Mama Kokoto akafungua kinywa amkaripie tena, lakini bega lake likamsaliti. Likaanza lenyewe: tiki, tiki, tiki. Swala alikuwa akitoka bwawani, akasimama. Jicho lake la kulia likatoa chozi, mguu wake wa nyuma ukatoa ngoma. Akapanda jabali akijitikisa, akachomoa nyuma ya sikio jani moja alilojibakizia, akaliweka juu ya debe. Ngiri akaja, akatoa shavuni mzizi aliouficha, akatuza. Wakacheza wakalia, wakalia wakacheza, vumbi likapanda mpaka mbinguni.

Kule bwawani Kiboko akatega sikio.

"Nani anatuzwa huko?"

"Pimbi," akasema Kanga, ambaye hajawahi kuulizwa jambo akalifikiria kwanza.

"Wana kiu?"

"Wamekwisha kunywa."

"Amewalazimisha?"

"Pimbi? Bwana mkubwa, Pimbi anafika kwenye kwato yako akisimama wima!"

Kiboko akazamisha pua. Maji yakatoa mapovu: bulu, bulu, bulu. Mwenye bwawa lote, mwenye nyasi zote, mwenye mninga na shaba na mpingo, akaona wivu juu ya jani moja la nyuma ya sikio.

"Mleteni!"

Pimbi akaletwa na debe lake. Alijua anakwenda kukanyagwa. Lakini alipofika akaona jambo: Kiboko hakumtazama yeye. Alilitazama debe. Alilitazama kama fisi anavyotazama bucha. Pimbi akajisemea, kumbe mkubwa huyu ana ugonjwa wa wapiga gitaa! Anadhani sauti ya mwenzake ni kitu, kinaweza kuhama na mizigo.

"Sauti hiyo umeipata wapi?"

"Kwenye gitaa, bwana mkubwa."

"Lete!"

"Ah, debe la watu maskini hili..."

"Chukua langu, nipe lako! Gitaa kwa gitaa!"

"Na mtoto wangu anywe?"

"Maji ni habari nyingine."

Wakabadilishana. Kiboko akashika debe, akafumba macho kwa ubingwa, akapiga: Gwara! Gwara! Gwara! Vyura wakazama. Akaimba, "Koo langu kavuuu," maji yakamwingia mdomoni, akapaliwa.

"Pimbi we! Sauti haitoki!"

"Haitoki, bwana mkubwa?"

"Haitoki! Hebu piga hilo langu!"

Pimbi akalikumbatia gitaa la mninga kama mtu anayekumbatia mlango, akatelezesha shingo ya chupa. Nyiiiiu! Kiboko akaruka majini, mawimbi yakapiga ukingo.

"Mwizi! Sauti umebaki nayo!"

"Siyo mimi, ni hii chupa! Nimesahau kukupa. Shika, bure kabisa."

Kidole cha Kiboko hakikuingia. Akaivika chupa kwenye jino, akainama, akasugua waya. Gwara! Gwara! Gwara!

"Pimbi we! Sauti haitoki!"

"Haitoki, bwana mkubwa?"

"Haitoki!"

"Basi ni tumbo."

"Tumbo gani?"

"Litazame hilo debe. Ndani lina nini?"

Kiboko akachungulia tunduni. "Hamna kitu."

"Na wewe ndani una nini?"

Kiboko akafikiri. "Majani. Mizizi. Matikiti. Majani tena."

"Tatizo ndilo hilo! Debe tupu huitika tumbo tupu. Likiita kwako linagonga matikiti. Gawa rundo lote hilo, ukae na njaa ya heshima."

Kiboko akaguna mguno wa kutoka kwenye matope. Lakini jani la nyuma ya sikio halikumtoka akilini. Akasema, "Chukueni!" Wanyama hawakungoja aseme mara ya pili. Kilima kikayeyuka. Mama Kokoto alibeba mzigo ulioonekana ukitembea wenyewe, na juu yake tikiti la kumlowesha Kokoto ulimi.

Kiboko akashinda na njaa. Tumbo likanguruma, akadhani ndiyo bluzi imefika. Akapiga. Gwara! Gwara! Gwara!

"Pimbi we!" Safari hii sauti ilikuwa ya chini, na sauti ya chini ya mkubwa ndiyo ya kuogopa. "Nimetoa gitaa. Nimetoa chakula. Sauti haitoki. Kama huna la kusema, kwato yangu inalo."

Pimbi akajificha nyuma ya gitaa la mninga, lakini ulimi ulikuwa mzima. "Bwana mkubwa, limebaki moja, na nilikuwa naona haya kukwambia. Umelowa."

"Nimelowa?"

"Chapachapa. Sauti iliyolowa hairuki. Nguo mbichi umewahi kuiona ikipepea? Tazama mwenyewe." Akachovya kidole kimoja majini. Kimoja tu. Akakiweka kwenye uzi wa shaba na kupiga kwa makusudi kabisa, vibaya kadiri alivyoweza: Bwe! Bwe! Bwe!

Wanyama wakashika vichwa. Kanga akapiga kelele, "Ni kweli! Ni Kiboko mtupu!"

"Kidole kimoja tu, bwana mkubwa," akasema Pimbi kwa masikitiko. "Wewe umelowa mpaka ukoo."

Kiboko akalitazama bwawa. Akalitazama debe. "Na nikitoka, sauti isitoke?"

"Nikanyage."

"Na mkeo?"

"Huyo muulize mwenyewe."

Kiboko akatoka. Shwaaa! Maji yakashuka, samaki wakaangaliana. Akapanda jabali, puu, puu, puu, akaketi pale pale Pimbi alipopigia bluzi, akajikausha. Jua likamlamba mgongo. Ngozi ikaanza kuvuta. Akapiga.

Gwara.

Mama Kokoto akafumba macho. Pimbi, aliyekuwa chini ukingoni akimnywesha mwanawe kwa kiganja, akashtuka, mtoto akamponyoka majini. Kiboko akainuka. Akanyanyua kwato. Akatazama chini apate kujua aanzie kumkanyaga nani.

Akaliona bwawa lake.

Kokoto alikuwa ndani, ulimi nje, akipiga maji kwa miguu yote minne. Tumbili walikuwa wakirukia pale katikati, pale pale pake. Ngiri alijigaragaza kwenye tope lile laini la upande wa mashariki, tope ambalo Kiboko alijiwekea tangu utoto. Wote wakacheka. Hakuna aliyetazama juu. Kwato ya Kiboko ikashuka yenyewe. Akaketi pu! Jino likateleza juu ya waya bila ya yeye kuliambia.

Nyiiiiiiiiiiiu!

Bwawa zima likageuza shingo. Kiboko akaimba, sauti imepasuka kama kisigino:

*Bwawa langu lile, mama, bwawa langu lile,*
*Nasema bwawa langu lile, mama, bwawa langu lile,*
*Nimelitoa kwa mikono yangu, niacheni nipige kelele!*

Nyiiiiu!

Lo! Tumbili wakatoka majini wakilia na kucheza. Swala akajitikisa mpaka pembe zikagongana. Wakapanda jabali, wakamrundikia yale majani aliyowagawia, na safari hii hakuna aliyesukumwa. Kiboko machozi yakamtoka, meno yote nje. "Hawana kiu!" akanguruma. "Hawana kiu, na wananituza! Pimbi, mwanangu, ulisema kweli! Ni kulowa tu kulikonirudisha nyuma!"

"Rudi majini upumzike basi, bwana mkubwa," akasema Swala kwa huruma.

"Niharibu sauti? Thubutu!"

Basi Pimbi akakaa kando ya bwawa, yeye na mkewe na Kokoto aliyekuwa sasa mzito kama jina lake. Kila mnyama akanywa apendavyo. Siku moja, ameshiba, amenawa, amepumzika, Pimbi akachukua gitaa la mninga apige kidogo.

Bwe! Bwe! Bwe!

Mama Kokoto akacheka mpaka akaanguka ubavu. "Unapiga kama mwenye nyumba!"

Pimbi akakaza vigingi. Bwe. Akalegeza. Bwe. Akanuna, akapanda jabali, akamkuta Kiboko ananing'iniza jino juu ya waya, amekonda, ana furaha isiyo na adabu.

"Mzee," akasema Pimbi akijikuna, "sauti hiyo umeipata wapi?"

Kiboko akalivuta debe kifuani. Hakuwa mjinga tena kama zamani.

"Kwenye gitaa," akasema. "Lete bwawa nikupe."

Pimbi akageuka, akatazama chini. Kokoto alikuwa amelala majini kifudifudi akipuliza mapovu: bulu, bulu, bulu. Akacheka.

"Baki nalo, mzee. Nitapiga vibaya tu."

Mwishowe mvua ikaikumbuka njia. Tone la kwanza likaanguka juu ya pua ya Kiboko. Wanyama wote wakatoka kuoga, na Kiboko peke yake, debe kifuani, akakimbia kutafuta pango, akipiga mayowe, "Nitalowa, jamani! Nitaloooowa!" Lakini pango la kumwenea Kiboko halijachimbwa. Akalowa chapachapa, sauti ikazimika, akarudi zake majini. Ndiyo maana hadi leo jua likizama Kiboko hutoka majini akaenda nchi kavu. Watu husema anafuata nyasi. Waache waseme. Anakwenda kujikausha.

Ngano yangu imekatika uzi hapo. Mwenye waya wa breki aniungie, asiye nao anitikisie bega.

— Nyiiiiu!

Na funzo lake, wanangu, ni hili: sauti nzuri hutoka kwenye gitaa la gharama. Ukiona hupigi vizuri, kanunue jingine.