Mikono ya Kumtoa Mtoto Nje

Hapo zamani, kabla hata ya huyu anayesinzia pale nyuma kuzaliwa, kulikuwa na kaya moja ya wakulima huko milimani. Babu wa kaya hiyo alifika akiwa kijana, peke yake, jembe begani na maharage ya mbegu mfukoni. Akapewa shamba, akaoa, akazaa, akafa. Jina la baba yake hakulitaja kamwe. Ukimuuliza, anaomba maji ya kunywa.

Watu wakamwachia ukaidi wake. Shida ilikuja alipozaliwa kitukuu. Kwao, kitukuu wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa babu, na asiye na jina hatolewi nje, hata kuota jua. Mama yake, Nakijwa, akakaa naye ndani huku wenzake wanapanda.

"Mwanangu ataota meno humu humu," akalalamika.

Basi kaya ikaanza kumsaka baba wa babu.

Namkunda, binti wa babu, akaleta kibuyu cha maharage yale yale. Yana mistari myekundu, na ni magumu: ukiyainjika asubuhi, unakula jioni. Majirani walimcheka miaka yote, naye kila msimu aliyapanda. "Haya ni ya baba," alisema. "Mwenye haraka akale kwake."

Senzia, mdogo wake, akayatia mfukoni akaenda, soko hadi soko.

"Haya mnayajua?"

"Hatuyajui."

Anakwenda.

"Haya mnayajua?"

"Hatuyajui, na kwa ugumu huo hatutaki kuyajua."

Anakwenda. Miguu ikavimba. Mwishowe muuza ndizi mmoja akayatazama akacheka: "Hayo ni ya bonde la kule chini. Kwao kuni huisha kabla mboga haijaiva."

Senzia akashuka bondeni. Wazee wa huko wakamwambia, "Maharage hata mwizi anaweza kuwa nayo. Kama u wetu, lima tuta." Masikini Senzia alikuwa mchungaji, jembe alilikwepa tangu utoto. Akalima tuta lililonyooka. Wakamwonyesha njia ya kurudi, naye akapita katikati ya mashamba yao, matuta yote yamepinda.

Akarudi kwao, akamchukua Nafue, mjane wa kaka yake, bibi wa mtoto. Nafue hakuzaliwa katika ukoo ule, aliolewa tu. Lakini alipokuwa bi harusi, babu alimbomolea kila tuta alilolinyoosha, mpaka akajua kuyapinda kama mwezi mchanga, tumbo likielekea bondeni. Alilia sana msimu ule. Sasa akashika jembe mbele ya wazee, akalima tuta moja, akalipinda.

Mzee mmoja akachuchumaa akaligusa. "Huu ni mkono wa Kiondo," akasema. "Mwanawe aligombana naye, akaondoka. Kiondo alimngoja mpaka kufa."

Nafue akamwonea huruma mkwewe, mkaidi yule, kwa mara ya kwanza.

Jina likapatikana: Kiondo. Nakijwa akambeba mtoto, tayari kutoka. Kumbe bado. Desturi ilisema mtoto hutolewa nje na aliyelileta jina lake, mtu mmoja tu, na mtoto huyo akikua ndiye atakayemlimia uzeeni. Mikono ya watu watatu ikanyooshwa mlangoni.

Namkunda akasema, "Bila mbegu yangu, mngeuliza nini sokoni? Mlinicheka, nikaitunza."

Senzia akasema, "Mbegu ilikaa kibuyuni miaka yote bila kusema kitu. Aliyetembea ni mimi. Tazameni miguu hii."

Nafue akasema, "Ulitembea, shemeji, ukafukuzwa. Damu yenu haikutambuliwa kule. Kilichotambuliwa ni mkono wangu, na nilijifunza kwa machozi."

"Wewe ni wa kuja," akasema Namkunda.

"Hata babu alikuwa wa kuja," akajibu Nafue.

Hakuna aliyerudisha mkono. Jua likapanda, likashuka. Nakijwa akawatazama mmoja mmoja, akarudi kuketi kitandani, akamnyonyesha mwanawe. "Kiondo alimngoja mwanawe mpaka kufa," akasema, "na leo Kiondo mwingine anangoja tena, humo humo katika ukoo mmoja. Amueni. Mvua zinaisha."

Mimi siamui. Wote watatu ni majirani zangu, na nahitaji kuazima majembe yao. Haya, nyinyi mliokula maharage yangu mkashiba: je, nani alistahili kumtoa mtoto nje?